Tairi za matope zilivyotaka kumkosesha binti yangu ndoa

Wakuu, heshima kwenu. Shikamoo za wadogo nimezipokea, wakubwa wenzangu nawaamkia.

Humu kila mara kuna mtu anauliza afunge tairi gani kwenye lori la porini, na kila mara anajibiwa na vijana wenye picha nzuri. Mimi ni mzee wa Kimuli, Kyerwa, nimeishia kidato cha nne, na haya yamenitokea mwenyewe. Sijaongeza chumvi. Yenyewe yana chumvi ya kutosha.

Lori nililinunua kwa Wazungu wawili, mke na mume, waliokuwa wanazunguka Afrika nalo. Lina magurudumu manne makubwa, yote yanavuta, na nyuma kuna kinyumba chenye kitanda, jiko na choo. Walifika Kayanga wakiwa wamechokana, wao kwa wao, si na lori. Wakauza.

Kitanda nikakitoa, nikawa napakia kahawa na ndizi. Choo nikakiacha. Mke wangu alisema tumekuwa watu wa kwanza Kimuli kuwa na choo kinachotembea wakati cha nyumbani hakina mlango.

Tairi zilikuwa vipara, nikaenda Mwanza kutafuta mpya. Muuzaji akaniuliza swali moja la maana sana: "Mzee, siku nyingi unatembea wapi?"

Ukweli ni kwamba natembea kwenye changarawe ngumu, lami kidogo, na matope wakati wa masika tu. Nikamjibu, "Kila mahali."

Akanionyesha all terrain, za njia zote, zile ambazo kashata zake, yale meno ya mpira, zimekaribiana. Akasema hizo zinakutosha, ila hakikisha namba ya uzito pembeni inabeba mzigo wako. Lakini macho yangu yalishahamia kwa jirani yake. Mud terrain. Kashata kama matofali ya kuchoma, na katikati unapitisha ngumi.

"Hizo ni za matope matupu," akasema. "Kwenye barabara ya udongo zitakula barabara, na changarawe itazila zenyewe."

"Funga hizo."

Wakuu, nilichagua tairi kama kijana anavyochagua viatu vya disko.

Masika ya kwanza nilikuwa mfalme. Fuso zimekwama, mimi napita napiga honi. Napiga hata pasipo na mtu.

Sasa, njia inayopanda kilima kuja kwetu hakuna greda lililowahi kuifika. Tuliichimba wenyewe kwa majembe, msaragambo wa kitongoji kizima, mimi nikiwemo. Zile kashata ziliila kama ng'ombe aliyeingia kwenye maharage. Mvua zilipokatika tukabaki na mitaro miwili inayofika magotini, na tuta katikati. Lori langu ni refu kwenda juu, sikuona shida. Pikipiki za maziwa zikaanza kuanguka.

Mwenyekiti wa kitongoji, mzee Rwegasira, tuliyesoma naye, akaja nyumbani.

"Mwenzangu, barabara unailima. Utapanda nini?"

Nikamjibu, "Nunueni lori."

Maneno mawili. Nimesema mengi ya kijinga maishani, haya ndiyo yanaongoza.

Basi, binti yangu wa mwisho, Asimwe, akapata mchumba wa Muleba. Baba wa kijana alikuwa hajaupenda huo mpango. Alishamuuliza mshenga kama huko Kyerwa kunafikika au mtu anashushwa kwa kamba. Mshenga akaleta maneno, nami nikatuma jibu kwamba waje na gari lolote.

Siku ya kuleta mahari wakaja na magari madogo matatu. Chini ya kilima simu ikaita.

"Mzee mwenzangu," ni baba wa kijana, "gari langu limelalia tumbo. La nyuma yangu nalo limelala. Huku ndiko kufikika?"

Nikawasha lori kwenda kuwachukua. Kosa juu ya kosa. Nikasimama mbele yao, nikashusha ile ngazi ya Wazungu. Shangazi wa kijana, mama mzito ndani ya gauni la gomesi la rangi ya dhahabu, akaitazama ngazi, akanitazama mimi.

"Mimi si mkungu wa ndizi."

Baba wa kijana alikuwa ameinama, anaangalia mtaro. Akaangalia tairi langu. Akaangalia tena mtaro. Alama zilikuwa zilezile, mbichi kabisa.

"Kumbe mwenye barabara ndiye mwenye shimo," akasema. "Tukinasuka, tunageuza."

Asimwe alikuwa ameshuka kwa miguu, amevaa nguo yake ya siku ile. Hakulia. Alisema tu, "Baba, njia ya kwetu umeifunga wewe." Afadhali angelia.

Majirani walikuwa wameshakusanyika na majembe yao, lakini hakuna aliyeinua. Walikuwa wanamsubiri Rwegasira. Nikamwendea mbele ya wakwe, kofia mkononi.

"Nilikosea kukujibu vile. Nisaidieni."

"Tutafukia," akasema. "Lakini tukifukia na wewe kesho ukapita, tutakuwa tumefanya nini? Tairi zinatoka leo. Hapa hapa."

Nikaingiza lori pembeni, kwenye shamba la Rwegasira mwenyewe, nikapiga jeki, nikaweka mawe. Wao wakafukia, mimi nikafungua nati, jasho linanitoka kwenye suti. Kila nati Rwegasira anapokea na kutia mfukoni, nisije nikabadili mawazo.

Gurudumu la tatu likanishinda uzito. Baba wa kijana akavua koti, akaja kunishikia. Likatuponyoka wote wawili. Likashuka kilima, likaruka mgomba, likaishia bondeni kwenye matete.

Hakuna aliyekimbia kulifuata. Hata mimi.

Baba wa kijana akacheka mpaka akakaa chini kwenye udongo na suruali yake safi. Aliponyanyuka akawaambia watu wake, "Twendeni juu. Huyu tumwache na aibu yake, binti hana kosa."

Wakapanda. Mahari ikapokelewa.

Sasa nimefunga all terrain, na wakati wa mvua napunguza upepo kidogo, au naliacha lori nyumbani. Linapita vizuri tu. Ushauri wangu ni kwamba muuzaji akikuuliza unatembea wapi, mtajie barabara ya siku nyingi, usimtajie ile ya siku unayopenda kusimulia. Halafu jiulize nani mwingine anaipita hiyo barabara.

Asimwe huja na mumewe na kigari chao hadi mlangoni. Akishuka, kabla ya shikamoo, anainama kwanza kuangalia tairi za baba yake. Nami nasimama pembeni nasubiri akague.

Waliofunga all terrain kwenye lori zito, zimewakalia muda gani? Na wenye za matope, majirani wanawaitaje? Nichekeni tu, nimeshazoea.