Shangazi na Stata Iliyogoma

Pale kwenye kiwanda kidogo cha mikate kila mtu humwita Shangazi, hata wale waliomzidi umri. Yeye husambaza mikate madukani kwa pikipiki, na mdomo wake hauna breki. Gari lilipomgonga akavunjika mguu wa kulia, alikaa nyumbani miezi akibebwa kama kifurushi: abebwe bafuni, abebwe kibarazani, abebwe kliniki. Mguu ulipona, lakini goti likakataa katakata kupiga kiki, ile teke ya kuwashia pikipiki. Bila kitufe cha stata, kazi hana.

Asubuhi ya kurudi kazini, stata ikagoma.

Pikipiki ililetwa kiwandani na mdogo wake, fundi rangi wa mageti. Katika kumfurahisha dada yake, alikuwa ameifungua nati kwa nati, akaipaka nyekundu ya kung'aa, kisha akairudishia kila kitu. Huyu bwana anasifika kwa kutoacha kona. Hata ndani ya bawaba za geti, pasipofika jicho la mtu, yeye hupaka. Shangazi alipoiona alilia kwa furaha, akapanda, akabonyeza. Tik. Kimya.

"Dada, hebu shuka," mdogo wake akasema. Akapiga kiki moja, ikawaka. "Si unaona? Haina shida. Nitakuwa nakuja kukuwashia kila asubuhi."

"Na nikiizima huko madukani, utakuwa unanifuata mbio?"

"Usiizime."

"Kwani hii ni pikipiki au friji?"

Msimamizi akatoka, aproni imejaa unga. "Karibu tena, Shangazi. Ila mikate ikitoka tanurini lazima iondoke. Kama pikipiki inasumbua, aliyekushikia njia ulipokuwa unaumwa ataendelea nayo, wewe utakaa ndani ufunge mifuko." Aliyasema kwa upole, na huo upole ndio uliomchoma Shangazi. Akae tena? Amekaa mpaka viti vimemchoka!

"Betri imekufa hiyo," akasema mpakiaji, mtu asiyekosa jibu hata asipoulizwa.

Shangazi akawasha taa. Ikatoa mwanga mkali. Akabonyeza stata huku anaitazama: tik, na taa ikafifia. Wakaazima betri ya pikipiki ya mpakiaji, wakaifunga. Tik ile ile.

"Basi stata imeungua," mpakiaji akasema.

"Stata ilikuwa inafanya kazi mpaka siku niliyogongwa," Shangazi akajibu. "Tangu siku ile kimebadilika nini?"

Wote wakaitazama rangi. Mdogo mtu akajitetea, "Mimi nimepaka rangi tu! Sijagusa umeme."

Shangazi akainama, goti likimlalamikia, akaufuata kwa kidole waya mweusi unaotoka kwenye betri hadi ulipofungwa kwenye fremu, chini ya siti. Pale chini ya bolti palikuwa pekundu, rangi nene, haina hata doa.

"Na hapa ulipaka?"

"Nilipaka kote, Dada. Si unanijua?" Alijibu kwa fahari kabisa.

"Ninakujua, ndiyo maana nimeangalia. Umeme ukitoka kwenye betri lazima urudi kupitia chuma hiki. Wa taa ni mdogo, unajipenyeza. Wa stata ni mwingi, na wewe umeuzibia mlango kwa rangi."

Akachukua kipande cha waya mnene, ncha moja akaigusisha kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye bolti ya injini isiyo na rangi. "Bonyeza!" Mdogo wake akabonyeza, stata ikazunguka, injini ikanguruma.

"Si nilisema ni waya?" akasema mpakiaji.

Msasa ulikuwamo kwenye mkoba wa fundi rangi mwenyewe. Hakukubali mtu mwingine aichubue kazi yake. Akafungua bolti, akakwangua mpaka chuma kikameta, uso ameukunja utadhani anang'olewa jino. Waya ukarudi mahali pake, ukakazwa. Tayari harufu ya mikate ilikuwa imejaa uani.

Shangazi akabonyeza. Ikawaka! Akaizima, akabonyeza tena, ikawaka tena. Msimamizi akapiga makofi, unga ukaruka, na kreti zikaanza kufungwa nyuma ya siti.

"Lakini njiani usiizime, Dada," mdogo wake akamwonya. "Huwezi jua."

Duka la kwanza liko juu mlimani, mahali ambapo hakuna mtu ila mwenye duka, naye hajui hata kupiga kiki. Shangazi akasimama, akautazama ufunguo. Akaizima. Akashuka, akaingiza mikate mwenyewe, akapiga soga na mwenye duka bila haraka yoyote. Kisha akapanda, akaweka kidole gumba kwenye kitufe, akabonyeza. Injini ikaitikia pale pale.

"Umeona?" akamwambia mwenye duka, ambaye hata hakujua anaulizwa nini. Shangazi alikuwa anacheka kwa sauti huku machozi yanamtoka. Akaingiza gia, akaenda zake duka la pili, kuizima tena.