Msiba kwa Kubofya Mara Mbili

Kisiwa chetu cha Nzwani kilipojitenga, simu za kwenda Mutsamudu, mjini kwetu, zilikatika. Mimi nilikuwa Moroni, kisiwa cha pili, fundi kompyuta katika ofisi yenye intaneti ya kusuasua, na kaka yangu mkubwa alikuwa Marseille. Nikamtengenezea ukurasa wa wavuti wa kumpa habari za nyumbani, kila msafiri alipovuka na barua. Nilijivunia ukurasa ule, mpumbavu mimi.

Siku moja muuguzi wa Hombo, hospitali ya kwetu, akaniletea barua: baba amefariki hospitalini kwa kukosa dawa zake za presha, na wameshamzika.

Kwetu habari ya kifo haibwagwi tu. Unaanza kusema mtu anaumwa, kisha hali si nzuri, na msiba unautaja mwenzako akiwa ameshakaa chini. Kupiga simu Marseille ningeweza. Moyo ndio sikuwa nao. Basi kazi hiyo nikaiachia skripti, programu ndogo niliyoiandika ndani ya ukurasa ule. Mstari wa kwanza ulisomeka: "Baba anaumwa." Ukibofya, unatokea wa pili: "Hali yake ni mbaya." Ukibofya tena: "Innalillahi." Nikaijaribu, ikaenda sawasawa, nikalia mbele ya kioo cha kompyuta kana kwamba aliyeandika ni mtu mwingine.

Siku zile vivinjari vikubwa, yaani programu za kufungulia kurasa za wavuti, vilikuwa viwili, na skripti iliyoandikwa kwa lugha ya kimoja, kingine hakikuielewa. Nilikuwa nikilijua hilo vizuri. Lakini nilijaribu kile cha ofisini tu, maana nilitaka kumaliza. Kaka alikuwa akitumia kile kingine.

Zikapita siku kumi na mbili, kimya. Nikadhani ameshindwa hata kuandika kwa uchungu. Kisha ikaja barua pepe: "Nimetuma dawa za presha, kuna mtu anakuja Moroni. Fanya juu chini zimfikie baba."

Nikapiga simu, nikamwambia yote kwa mkupuo mmoja, bila mgonjwa wala hali mbaya.

"Mdogo wangu, nilibofya na kubofya," akasema. "Hakikutoka kitu. Nikasema alhamdulillahi, kumbe anaumwa tu. Ijumaa mbili msikiti mzima umemwombea apone."

Nikaanza kumweleza habari za vivinjari. Akakata simu.