Marehemu wa Karema Anayedaiwa Mbuzi

Jua ndiyo kwanza linachungulia Mpanda mjini, na Nyanzala anagombana na mnyororo wa baiskeli. Umeruka tena. Anaurudisha kwa kidole, anapangusa grisi kwenye jani la mpapai na kupanda. Nyuma amefunga begi la ofisi, na juu ya begi kuna kamba mpya ya katani. Ukimuuliza kamba ya nini, anakwambia serikali ina siri zake.

Nyanzala ni tarishi wa ofisi ya wilaya. Tangu mwaka jana, 1995, amepewa kazi ambayo matarishi wenzake wakiisikia wanadhani anawatania: kuwatafuta madaktari. Si wale wa sindano. Ni wale waliosoma sayansi na uhandisi mpaka madarasa yakaisha, wakapewa udaktari. Watafiti wa Dar es Salaam wanataka kujua wasomi hao waliokulia huku wamefika wapi na wanafanya nini.

Wako wanne. Wanne, katika wilaya ambayo wengi wetu tuliishia darasa la nne na tukatembea kifua mbele.

Watatu amewapata. Mmoja, wa kijiji cha Mamba, yuko Morogoro akitafuta dawa ya ugonjwa wa mpunga. Wa pili ni binti wa wakimbizi wa Katumba, anapiga hesabu za mawingu. Wa tatu, daktari wa fizikia, aliacha maabara, anauza spea za matrekta Tabora, na kitambi kinamwendea vizuri. Mkuu wa kazi wa Nyanzala, Ubaldo, alitaka huyo wa spea asitajwe, ni aibu kwa wilaya. Nyanzala hakukubali.

"Wameuliza yuko wapi, bosi. Hawakuuliza kama tumefurahi."

Wa nne ni Melkiadi wa Karema. Serikali ilimpeleka Ulaya kwa mkataba kwamba akimaliza atarudi kutumikia nchi. Akapata udaktari wa uhandisi, asirudi. Ubaldo alipofika na gari la ofisi kumuulizia, mama yake, Regina, alijifunika kanga usoni akasema mwanawe amefariki. Ubaldo akavua kofia. Akaacha kilo ya sukari ya rambirambi, akarudi Mpanda kuandaa taarifa.

Kabla taarifa haijapanda treni, Nyanzala aliomba aende mwenyewe. Kifo hicho kilimkaa vibaya.

"Mimi Mnyamwezi, yule mama Mfipa. Ni watani," anasema. "Kwao kukifa mtu, sisi ndio wa kufanya vurugu msibani. Tunaiga marehemu alivyotembea, tunalala mbele ya jeneza mpaka tulipwe. Sasa huyu alikufaje kimyakimya? Mtu hafi mtani wake asisikie."

Alipanda lori la samaki, akafika Karema mwili mzima ni vumbi. Regina alikuwa anaanika dagaa. Nyanzala hakujitambulisha. Alichukua beseni la pili, wakaanika pamoja mpaka likaisha. Kisha akakaa katikati ya uwanja, akanyoosha miguu na kudai mbuzi.

Regina akauliza mbuzi wa nini.

"Wa msiba, mtani. Mmemzika Melkiadi bila sisi, hiyo ni faini. Nionyeshe kaburi nilie kwanza, ndipo nile."

Nyanzala akasimama, akajishika puani kana kwamba ana miwani, akaanza kutembea kisomi katikati ya dagaa, akiinama huku na huku kama daktari anayetafuta kaburi lake mwenyewe. Regina alicheka mpaka akaanguka juu ya mkeka. Kicheko kikakatika, kikawa kilio.

Mwanawe yu hai. Yuko nchi ya baridi, anachunguza madaraja. Habari zake humfikia mama kupitia mapadri wa misheni. Lakini Regina anajua, kama wote wanavyojua huku, kwamba serikali ikimtafuta mtu kwa jina lake kamili ni kodi au ni jela, na Melkiadi alivunja mkataba.

"Nilimuua kwa mdomo wangu ili wasimfunge," anasimulia Regina. "Tangu siku ile sikumtaja hata kwenye sala. Niliogopa Mungu naye asije akawa amesikia nilivyosema kafa."

Nyanzala hakutoa ahadi asiyoiweza. Alirudi kwa Ubaldo, akamweleza yote, akataka kujua kama kijana atakamatwa. Ubaldo akapiga simu Dar es Salaam. Watafiti walisema wao wanauliza tu, hawana pingu. Ubaldo akamwambia ampelekee mama jibu hilo.

"Aliyedanganywa ni wewe, bosi, si mimi. Nenda ukamwambie wewe."

Ubaldo akaenda. Alikaa chini kwenye mkeka wa dagaa, na suruali yake ya ofisi, akasema maneno yale mwenyewe. Regina akaingia ndani, akatoka na ile kilo ya sukari, haijafunguliwa, akamrudishia.

"Ya msiba hii," alisema. "Msiba haukuwepo. Mwandikeni yu hai."

Kinachomshangaza Nyanzala mpaka leo ni kazi yenyewe. Melkiadi, ambaye utotoni alivua samaki kwa ndoano, ni daktari wa kuchoka kwa chuma. Chuma huchoka, amewaeleza mapadri, hata kama hakijapata kutu, kwa kubebeshwa na kupumzishwa, kubebeshwa na kupumzishwa. Sasa Nyanzala kila akivuka daraja huliambia pole. Regina yeye ana malalamiko: amechoka miaka mingi na hakuna Mzungu aliyekuja kumpima.

Wiki hii mapadri wameleta neno. Melkiadi amepata likizo, anafika Karema Jumapili. Mama yake ameanza kumtaja tena kwenye sala, kwa sauti, jirani wasikie.

Ndiyo maana Nyanzala anawahi lori asubuhi hii. Anakaza mpira wa begi na kuipapasa ile kamba ya katani.

"Mbuzi wa kufa nimemsamehe," anasema, akikanyaga pedeli. "Wa kufufuka, simwachi."