Mlevi Mpya wa Nyakuron

Katika kikundi chetu cha maigizo pale Nyakuron, mlevi nilikuwa mimi. Kila Jumamosi nilianguka kutoka kwenye kiti, watu wakacheka mpaka machozi yakawatoka. Nikamsumbua mwandishi wetu nikimwambia kwamba hata mlevi ana moyo. Basi akanipa mke, akanipa kaburi la mtoto kule Rejaf, akaniachisha pombe. Nikawa mtu kamili. Jumamosi iliyofuata akaletwa mlevi mpya, hana mke, hana kwao, ana kiti changu tu.

Juzi nililia kaburini kwa ustadi wangu wote. Watazamaji wakainuka kwenda kununua chai. Nikiwa bado nimepiga magoti jukwaani, nikamsikia mama wa chai akiwahimiza: “Kunyweni upesi. Huyu akimaliza kulia, mlevi anarudi.”