Kijiko cha Manjano kwenye Rejeta

Jina la Mama Mbio halikubandikwa na maadui. Alilichuma mwenyewe, kwa miguu yake. Miaka thelathini ya ukunga ilikuwa imemfundisha kula amesimama, kulala na viatu karibu, na kuitikia salamu akiwa ameshakupita hatua tatu. Ukimweleza jambo refu kuliko pumzi moja, alikukata kwa "sawa, sawa." Na hiyo sawa yake, jamani, msije mkadhani ilikuwa na maana kwamba amesikia. Ilikuwa na maana kwamba anaondoka.

Watu walimtania kwa ile methali ya haraka na baraka, naye akawajibu kwamba aliyeitunga hakuwa mkunga.

Asubuhi ninayoisimulia alikuwa hakaliki kabisa. Bintiye, kifungua mimba wake, alikuwa amerudi nyumbani kujifungulia, na siku zake zilikuwa zimekaribia. Mume wa binti alikuwa kazini mbali, angefika mwisho wa juma. Miaka miwili nyuma binti huyu alikuwa amepoteza mimba yake ya kwanza kwa sababu walichelewa kumfikisha hospitali, na siku hiyo mama yake, aliyezalisha nusu ya mtaa, alikuwa nyumba ya watu wengine akipokea mtoto wa watu wengine. Tangu hapo Mama Mbio alikuwa amejiapiza: huyu wa pili hatachelewa, hata kama itabidi ambebe mwanawe mgongoni.

Lakini wa kubeba alikuwepo, kigari chake. Kidogo, kikongwe, cha rangi ambayo zamani ilikuwa bluu, alichoachiwa na marehemu mumewe. Hospitali iko ng'ambo ya kilima, na gari la kukodi huku kwetu unaweza kulisubiri mpaka ukasahau ulikuwa unakwenda wapi. Basi jana yake Mama Mbio alikipandisha kilima kwa majaribio. Alipofika nusu ya kilima, mshale wa joto ulipanda mpaka mwisho, moshi mweupe ukafuka mbele, na kigari kikakataa katakata. Alikiacha kipoe, akakirudisha kwa mteremko, moyo ukimwenda mbio kuliko injini.

Ndiyo maana asubuhi hii shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa amepiga magoti uani mbele ya gari. Alikuwa fundi mzuri, na watu walimwita Kobe. Sina haja ya kueleza kwa nini. Alilaza kila spana juu ya gunia kwa mpangilio kama anatandika meza ya wageni. Alifungua feni, akaiweka. Akafungua mpira wa juu, akautazama ndani, akaupuliza, akauweka. Mama Mbio alikuwa akizunguka gari kama kuku anayetaka kutaga. Mara ashike spana, mara aiweke mahali si pake, mara aulize imebaki nini. Shemeji akamwambia kwa upole kwamba kilichobaki ni yeye kwenda ndani.

Alikwenda, na humo ndani nako hakukaa. Binti alikuwa ameketi kitandani na kikombe cha chai kilichopoa.

Akaanza, "Mama, nilitaka kukuambia…"

"Sawa, sawa, mwanangu. Kunywa chai kwanza."

Akafungua dirisha, akakunja shuka ambalo lilikuwa limeshakunjwa, akakagua begi la hospitali kwa mara ya nne, akatoka. Robo saa baadaye alipopita tena kuchukua ndoo, binti alimwita kutoka mlangoni kwamba jana jioni, mama, jana jioni… Akajibiwa sawa, naja, na ndoo ikawa imeshafika uani. Nami ninayesimulia ningekuwepo ningemshika gauni, wallahi.

Huko uani rejeta, ile inayopoza maji ya injini, ilikuwa imeshatoka. Shemeji aliiinamisha juu ya beseni, na badala ya maji likashuka tope. Tope la njano, zito, linalokwenda kwa mabonge. Alilichota kwa kidole, akalinusa, akanyanyua uso.

"Nini hiki, shemeji?"

Mama Mbio alijibu bila aibu, na kwa fahari kidogo. Ni manjano, yale ya kupikia. Dawa ya rejeta. Marehemu si alikuwa akiitia rejeta ikivuja? Unga unavimba, unaziba tundu, gari linakufikisha nyumbani. Alipofariki, yeye hakuacha. Kila tarehe mosi, kijiko kimoja cha chakula, miaka minne sasa, hajaruka hata mwezi mmoja. Na imesaidia, kwa sababu tangu aanze, haijavuja hata tone.

Kobe ni mpole, lakini hapo alikaa chini kabisa, makalio ardhini.

"Kuziba tundu lipi?"

"Tundu la rejeta, shemeji. Lipi tena?"

Kobe alichukua kitambaa, akafuta ukingo wa chuma wa ile rejeta, upande uliokuwa ukitazamana na injini, upande ambao mtu haoni mpaka aitoe. Kisha akamgeuzia asome.

Sasa lazima niwaambie jambo moja kuhusu marehemu. Alikuwa na tabia ya kukwaruza tarehe kwa msumari kwenye kila kitu kipya kilichoingia nyumba ile. Sufuria zina tarehe. Pasi ina tarehe. Jembe, ndoo, kigoda cha jikoni, vyote vina tarehe chini, na watoto walikuwa wakichekana kwamba bahati yao walizaliwa na fuvu laini. Mwandiko wake wa msumari Mama Mbio angeutambua hata gizani, kwa vidole.

Aliusoma. Siku, mwezi, mwaka. Ilikuwa wiki tatu kabla ya siku waliyomzika.

"Ile iliyokuwa ikivuja aliitupa," shemeji akasema. "Hii ni mpya. Nilimuuliza kama amekuambia, akasema amekuambia."

Alikuwa amemwambia kweli. Sasa ndipo lilipomrudia, lote, kama jana. Alikuwa akitafuta kiatu cha pili chini ya kochi, kuna mzazi anamngoja, na mumewe amesimama mlangoni na mikono yenye grisi, uso unamng'aa kama mtoto aliyepata zawadi. Mama watoto, rejeta nimefunga mpya, sasa usiwe na wasiwasi. Naye akiwa chini ya kochi akasema sawa, sawa. Halafu akatoka. Wiki tatu baadaye mwanamume yule alianguka kazini, na hapakuwa na nafasi ya kumwambia tena.

Vijiko arobaini na nane. Alikuwa amekilisha kigari kizima ugonjwa ambao hakikuwa nao, mpaka kikaugua kweli. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Kwa Mama Mbio mjukuu alikuwa hajazaliwa bado, majuto yakatangulia. Alijiona mjinga, na zaidi ya ujinga aliona uchungu, kwa sababu ule uso wa mlangoni hakuutazama hata mara moja.

"Inasafishika," Kobe akamtuliza. "Maji yanaingizwa kwa mdomo wa chini yanasukuma uchafu utokee ulikoingilia. Nipe nusu saa."

Lakini Mama Mbio hakuwa akimsikiliza. Alikuwa akitazama mlango wa chumba.

Aliingia, akavuta kile kigoda chenye tarehe chini yake, akaketi. Binti akamshangaa. Hakukumbuka lini mara ya mwisho alimwona mama yake ameketi mchana.

"Mwanangu, ulitaka kuniambia nini?"

Binti alingoja aone kama atanyanyuka. Hakunyanyuka.

"Mtoto hachezi, mama. Tangu jana jioni."

Neno "mbona hukusema" lilimfika ulimini, akalimeza. Alikuwa ameanza kuambiwa mara mbili asubuhi hii hii, ndani ya nyumba hii hii. Alinyoosha mkono kwenye begi, akatoa kipembe chake cha mbao, kile cha mkunga cha kusikilizia moyo wa mtoto, akakiweka juu ya tumbo, akainamisha sikio.

Akasikia mbio. Moyo ukamruka, kisha akagundua kwamba zilikuwa mbio zake mwenyewe, damu yake inayopiga masikioni kwa sababu ya kuhangaika tangu alfajiri. Na kazi hiyo haifanyiki namna hiyo. Ilibidi atulie. Alifumba macho, akashusha mabega, akangoja damu yake inyamaze. Nje maji yalikuwa yakimwagika kwenye beseni. Binti alikuwa amemshika kitambaa cha kichwa, hapumui. Dakika ikapita, na Mama Mbio hajawahi kukaa dakika ndefu kama ile maishani mwake.

Ndipo ukaja. Kwa mbali, chini, moyo mdogo. Ulikuwepo. Lakini alihesabu, akahesabu tena, akaona unakwenda taratibu kuliko inavyotakiwa.

"Yupo," akamwambia mwanawe. "Ila tunakwenda sasa hivi."

Alipotoka na kumweleza shemeji, Kobe hakuuliza swali. Maji yaliyokuwa yakitoka kwenye rejeta yalikuwa yameshaacha unjano, yamekuwa meupe. Mtaa ule wote haujapata kumwona mtu yule akikimbia kabla ya siku hiyo wala baada yake. Rejeta ilirudi, mipira ikabanwa, feni, maji, kifuniko. Spana zilibaki zimetapakaa uani hadi kesho yake. Usukani alishika Kobe. Mama Mbio alikaa nyuma na mwanawe, kipembe mkononi, na kilima kizima mshale wa joto ulibaki katikati, haukutikisika.

Kitovu kilikuwa kimemzunguka mtoto shingoni mara mbili. Hospitali madaktari walimpasua binti mchana ule ule, wakatoa msichana aliyelia kwa kuchelewa kidogo, lakini alilia. Daktari alisema wangengoja mpaka kesho, asingekuwa na la kuwaambia.

Jioni, binti alipopata nguvu, alianza kusimulia: jinsi alivyoamka jana, jinsi alivyokunywa maji baridi ili mtoto ashtuke, jinsi alivyoogopa kuonekana mwoga mbele ya mama mkunga. Alisimulia kwa mapana, akirudia rudia. Mama Mbio alikuwa ameketi, mjukuu mapajani. Shemeji akachungulia mlangoni, akasema gari lipo tayari, kama anataka kurudi nyumbani.

"Ningoje," akasema. "Mwanangu bado ananieleza."