Ngiri Yangu na Wanafunzi wa Daktari

Mnaonijua kule machimboni Masumbwe, nichekeni polepole, mshono bado unauma. Kila nilipokula, chakula kilirudi kooni na kifua kikawaka moto. Hospitalini daktari akanipiga picha, akasema, "Baba Kulwa, una ngiri. Utafanyiwa upasuaji wiki hii."

Mengine sikuyasikia. Ngiri naijua. Wachimbaji wenzangu huipata kwa kubeba viroba vya mawe, na sote tunajua hukaa wapi. Nikanyoa, nikaoga, nikajipaka mafuta.

Asubuhi daktari akaja na wanafunzi wake, wote mabinti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Hebu waonyeshe ngiri yako ilipo," akasema daktari.

Nikafumba macho, nikateremsha suruali hadi magotini.

"Baba Kulwa," daktari akasema taratibu, "ni tumbo lako la chakula limepanda kifuani. Tutalishusha, tushone tundu lilipopenya. Ungetuonyesha kifua tu."

Nikafumbua macho. Mabinti walikuwa wanatazama dari. Mlangoni alisimama mama mkwe na chupa ya uji, mtu ambaye kwa heshima zetu za Kisukuma sithubutu hata kumtazama usoni.

"Shikamoo, mama," nikasema, suruali ingali magotini.