Wimbo wa Kuteremkia Barabarani

Kiti cha ofisini kwa mhasibu, pale mjini Morogoro, sikukikalia vizuri hata dakika tano. Mhasibu, mama wa makamo mwenye miwani, alikuwa ananijazia ritani ya kodi, mara yangu ya kwanza kuonyesha mirabaha, zile hela ninazolipwa wimbo wangu ukipigwa. Wimbo wenyewe ni mmoja tu, ila redio zimeukomalia mpaka unakera.

"Huu umeutunga mwenyewe, mwanangu?"

Swali la kawaida tu, jamani! Nikajibu kwa ukali, "Sasa nani mwingine?" Akaniangalia juu ya miwani, akasema kuna tamko la kusaini kwamba yote niliyoeleza ni kweli. Nikaaga kwamba naenda kunywa maji. Nikazunguka soko zima, maji sikununua. Niliporudi nikamwomba anipe siku moja, nitasaini kesho.

Ukweli ni kwamba kiitikio ni cha mama. Alikuwa anakiimba kule kwetu milimani Mgeta, akiteremka na tenga la kabichi kichwani kuwahi lori barabarani, mimi nyuma yake na kifurushi changu cha karoti. Beti nimeandika mimi, na zilinitoa jasho. Lakini nani anaimba beti? Watu wanaimba kiitikio.

Kesho yake alfajiri nikapanda kwa mama. Nilitaka aseme neno moja tu, "wako," nikasaini yaishe. Nilimkuta anachambua maharage.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona unahema hivyo, umefukuzwa?"

Sikuzunguka. Nikamuuliza ule wimbo ni wa nani.

Akacheka. "Si wako? Redioni wanakutaja wewe."

Hapo ningeondoka zangu. Sijui kiherehere gani kilinishika, nikamwomba aniimbie kidogo. Akatikisa kichwa.

"Nimeuacha. Siku hizi nikiteremka na mzigo nanyamaza tu. Nikianza kuuimba naona kama naiba kitu cha mtu."

Iliniuma, sisemi uongo. Hata chai sikunywa. Nilirudi mjini mchana ule ule, nikamwambia mhasibu kwamba kiitikio ni cha mama yangu mzazi.

Akavua miwani, akaifuta taratibu kwa ncha ya kitenge.

"Sasa mbona mirabaha yote inaingia kwako?"